Tangu waibe kikaragosi cha mwalimu wangu, silali safarini

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwanamume wa miaka 43, baba wa watoto wawili. Kazi yangu ni kuchezesha vikaragosi. Nimeifanya kwa miaka 19, na mingi ya miaka hiyo imeishia barabarani: leo shule, kesho ukumbi, keshokutwa wodi ya watoto. Mali yangu yote ya kazi inaingia kwenye gari moja dogo la mizigo: jukwaa la kukunja, mapazia, taa nne, spika mbili, miksa, maikrofoni za kuvaa kichwani na masanduku matatu ya vikaragosi.

Kati ya vikaragosi hao, wawili niliachiwa na mwalimu wangu, ambaye sasa ni marehemu. Aliwachonga kwa mkono wake. Mmoja ni Mzee Hodi, mwingine ni mkewe, Bi Subira. Ni wa mbao, wakubwa, taya linafunguka kwa kamba, kichwa kinatoka kwenye kiwiliwili kwa kuchomoa kijiti. Kila mmoja anataka watu wawili: wa kwanza anashika kichwa na mkono wa kulia, wa pili anashika mkono wa kushoto na miguu. Mwalimu aliponikabidhi alisema neno moja tu: "Wasikae sandukuni."

Msaidizi wangu ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, kijana wa miaka 24. Niko naye mwaka wa tano. Mkono wa kushoto wa Mzee Hodi ulikuwa wake.

Miezi saba iliyopita tulimaliza onyesho usiku, mbali na nyumbani, tumechoka. Tukakubaliana tuache vyombo garini, ndani ya ua wa nyumba ya wageni, tuchukue nguo zetu tu. Ufunguo alikuwa nao yeye, na ndiye aliyefunga. Asubuhi tukakuta mlango wa nyuma wazi. Kioo hakikuvunjwa, kufuli haikuchokonolewa. Spika hazipo, miksa haipo, na sanduku moja la vikaragosi halipo, lile jipya la aluminiamu nililolinunua kwa fahari, nikamlaza ndani yake Mzee Hodi na wenzake wawili. Mchana wake tuliwakuta wale wawili wametupwa mtaroni, mmoja shingo imevunjika. Mzee Hodi hatujamwona hadi leo.

Polisi walinisikiliza vizuri. Waliponiuliza huyo kikaragosi anafananaje, nikajikuta naonyesha kwa mikono. Picha nilizokuwa nazo zote ni za jukwaani, zimepigwa kutoka nyuma ya ukumbi, na ndani yake anaonekana kama kivuli kirefu chenye kofia. Namba za spika sikuwa nimeziandika popote. Kampuni ya bima ikajibu kwa barua fupi: gari liliachwa usiku bila mtu na hakuna dalili ya kuvunjwa, kwa hiyo hawalipi.

Spika nimenunua nyingine kwa mkopo. Kilichonibadilisha ni kile ambacho mkopo hauwezi kukirudisha. Sasa tukilala safarini napandisha kila kitu chumbani, hata stendi za taa. Ni vipande 14, wakati mwingine ghorofa tatu, na mgongo umeanza kunisumbua. Sanduku la Bi Subira naliweka kati ya kitanda na ukuta, na bado saa nane za usiku nashtuka nalipapasa. Nimekataa kazi nne kwa sababu zilihitaji kulala nje. Zamani onyesho likiisha watoto walikuja mbele kuwapa vikaragosi mikono, wengine wakawanong'oneza siri zao. Nimelisitisha hilo. Nashusha pazia, naanza kufunga kufuli. Mwalimu mmoja wa shule aliniuliza kama watoto wake wameniudhi.

Na shemeji. Shangazi, sijamtuhumu. Wala simshuku. Ila nahesabu mizigo baada yake, na ufunguo sasa nalala nao mimi. Yeye hasemi kitu. Yule aliyevunjika shingo nilimkuta siku moja ameshaungwa, hata sijui alimuunga lini. Mwezi uliopita alimwambia dada yake kwamba anatafuta kazi nyingine. Mke wangu yuko katikati. Anasema nimfungie Bi Subira kabatini nyumbani, nitafute fundi anitengenezee nakala ya kuzunguka nayo. Mimi kuchonga sijui. Mwalimu alinifundisha kuchezesha tu. Na nikimtazama Bi Subira, naona kumfungia kabatini ni kumfungia mjane.

Tena nimealikwa kwenye tamasha nchi nyingine, kwa ndege, baada ya miezi mitatu. Wanataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu. Sijawahi kumwachia Bi Subira mtu wa uwanja wa ndege. Niende naye? Niende na nakala? Niache kuzunguka kabisa nifundishe mahali pamoja? Na je, nimuulize shemeji yangu waziwazi lile swali ambalo najua likishatoka mdomoni halirudi?

Mchezeshaji asiyelala

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu. Na pole sana, pole ya dhati. Kuna watu watakaokwambia "ni sanamu tu," na nadhani umeshakutana nao. Mimi sitakwambia hivyo. Mtu aliyeshika kichwa cha Mzee Hodi kwa miaka yote hiyo, akampa pumzi yake na sauti yake, akiamka asubuhi na kukuta hayupo, huo ni msiba.

Kabla ya yote nikueleze jambo nililofanya na barua yako. Uliandika kuhusu alama ambayo mwalimu wako aliiacha ndani ya kichwa cha Mzee Hodi, mahali asipopaona mtu mpaka achomoe kile kijiti. Nimeiondoa kabla ya kuchapa, na nakusihi usimtajie mtu tena. Kama siku moja utatangaza kwamba unamtafuta, na hasa ukiahidi zawadi, watajitokeza wanaosema wanaye. Wengine watataka pesa kwanza. Hiyo alama ndiyo swali lako. Anayeweza kukujibu kilichomo ndani ya kichwa, huyo amemshika Mzee Hodi kweli.

Sasa nikurudishie ulichonieleza, unisahihishe nikikosea. Umeibiwa mara moja, na tangu hapo unajilinda na usiku ule ule kila usiku. Mmoja amepotea, amebaki mwenzake, na unahisi deni kwa marehemu. Kuna kijana wa nyumbani kwako ambaye humtuhumu lakini humwamini. Na kuna mwaliko unaokubana kujibu haya yote kabla ya mwezi kwisha. Yamefungwa kamba moja, ndiyo maana kila unapovuta moja yote yanakuja.

Nianze na usiku wenyewe, kwa sababu nadhani umeusoma kwa namna moja tu. Unaandika kana kwamba mwizi alimfuata Mzee Hodi. Hebu tazama alichokitupa. Wenzake wawili waliachwa mtaroni, sanduku likaondoka. Mtu anayewataka vikaragosi hafanyi hivyo. Alilitaka sanduku linalong'aa, akadhani ndani mna kamera au vyombo vya muziki, kwa sababu hivyo ndivyo vitu vinavyobebwa kwa kawaida kwenye masanduku ya aluminiamu yenye pembe za chuma. Hilo linauma, najua, maana ulilinunua kwa mapenzi. Lakini linasema jambo la kukusaidia: kikaragosi wako ana hatari ndogo akiwa ndani ya kitu kisichopendeza, na hatari kubwa akilala jirani na spika. Wapo wanaowasafirisha vikaragosi wao kwenye mabegi yaliyochakaa ya nguo, ndani wakayatandika sponji na blanketi, na spika zikaenda peke yake. Hasara ya njia hii unaijua kuliko mimi. Begi laini halizuii kishindo, na mbao nzito ikianguka hupasuka. Labda sanduku gumu ndani ya gunia lisilo na sura. Wewe ndiye unayejua uzito.

Pili, mlango. Umeandika kwamba kufuli haikuchokonolewa, na najua sentensi hiyo imefanya kazi gani moyoni mwako kwa miezi saba. Lakini mlango usiovunjwa hauna maana moja. Kama gari lenu hufungwa kwa rimoti, wapo wezi wanaokaa jirani na kifaa kinachovuruga mawimbi: mwenye gari anabonyeza, anaondoka, gari halijafunga. Milango ya nyuma ya magari ya mizigo nayo huzeeka, ikawa inaitika kwa sauti lakini komeo haliingii. Na ipo ile ya kawaida kuliko zote, mtu aliyechoka usiku anadhani amefunga. Mimi sikuwapo, kwa hiyo sikwambii lipi lilitokea. Nakuuliza tu: je, umewahi kuujaribu ule mlango wa nyuma kwa mkono, mara kumi, baada ya kubonyeza?

Uniruhusu basi nikae kidogo kwa shemeji yako. Unasema humshuku. Mstari unaofuata unasema unahesabu mizigo baada yake. Mwanangu, yeye anaona unavyohesabu. Kijana wa miaka 24 anayefanya kazi na mume wa dada yake hawezi kukuuliza, "Shemeji, unadhani mimi ni mwizi?" Adabu inamzuia, na hofu ya jibu inamzuia zaidi. Halafu kumbuka ulichoniambia mwenyewe, kwamba mkono wa kushoto ulikuwa wake. Katika barua yote umeeleza ulichopoteza wewe na alichopoteza marehemu. Yeye hukumweka kwenye orodha ya waliofiwa.

Unaogopa swali ambalo likitoka halirudi. Naona kuna maswali mawili hapo, nawe umeyafanya moja. "Uliiba?" ni swali moja. "Je, inawezekana ulisahau kufunga?" ni jingine kabisa, na huenda hilo la pili ndilo analolibeba usiku, akiogopa kwamba akilikiri litasikika kama la kwanza. Ukiamua kuzungumza naye, unaweza kuanza na lako: kwamba mlikubaliana wote wawili kuacha vyombo garini, kwamba wewe mkubwa ndiye uliyepaswa kusema hapana, na kwamba umekuwa ukimhesabia. Hatari ipo, sitaificha. Anaweza kulia, anaweza kukasirika, anaweza kuondoka wiki ile ile. Anaweza pia kukwambia jambo ambalo hutapenda kulisikia, na utakuwa nalo ndani ya familia maisha yako yote. Kunyamaza nako kuna hatari yake, nayo imeshaanza kutokea: anatafuta kazi nyingine.

Ipo njia ya katikati. Ni kubadilisha utaratibu ili funguo na hesabu zisiwe mzigo wa mtu mmoja. Karatasi moja yenye vipande vyote 14, kila kimoja na namba yake iliyobandikwa. Mnapopakia, mmoja anasoma, mwingine anagusa. Mnapofunga gari, aliyefunga anavuta mlango na mwenzake anavuta tena. Wote wawili mnatia sahihi, wewe kwanza. Hilo la nani anatangulia si dogo. Karatasi ukimpa yeye peke yake aijaze, umemwandikia tuhuma kwa kalamu. Na utaratibu hauondoi neno ambalo halijasemwa, unalipa nafasi ya kusubiri tu.

Sasa tuje kwenye kulinda vyombo, maana nako umechoka kwa jambo ambalo sina hakika linakulinda. Unapandisha stendi za taa ghorofa ya tatu. Kwa nini? Stendi hununuliwa. Ningependa ukae chini uvigawe vyombo vyako kwa swali hili: kikipotea, nitalia au nitalipa? Spika, miksa, taa, maikrofoni, hivyo ni vya kulipa. Vinahitaji bima, namba zake za kiwandani zilizochapwa nyuma au chini ziandikwe na kupigwa picha, alama ya wino unaoonekana kwa taa maalumu tu, na gari lililoegeshwa mlango wa nyuma ukiwa umesogezwa karibu na ukuta hadi haufunguki. Vya kulia ni vichache, na ndivyo vya kubeba mkononi. Wewe mwenyewe umesema kichwa cha Bi Subira kinatoka kwa kuchomoa kijiti. Kule Japani, kwenye vikaragosi vya bunraku, ambako kikaragosi mmoja huchezeshwa na watu watatu, kichwa hutunzwa mbali na kiwiliwili, na huunganishwa na mavazi kwa ajili ya onyesho. Kichwa kikiwa begani mwako, unaweza kula, kwenda msalani na kulala ukiwa nacho. Mikono ya mbao na gauni, hata kwa machozi, fundi anaweza kuvirudisha.

Kuhusu bima, kabla ya kulipia tena omba wakuonyeshe maneno yenyewe kuhusu gari lisilo na mtu. Bima nyingi za vyombo vya kazi huweka masharti hapo: saa za usiku, dalili ya kuvunja, ua wenye mlinzi. Uliza pia kama wanakubali thamani mnayokubaliana mapema kwa maandishi, kwa sababu kikaragosi wa kuchongwa hana bei ya dukani, na siku ya madai atahesabiwa kama mbao na kitambaa. Thamani ya kukubaliana hugharimu zaidi, na itakulazimu umpe Bi Subira bei. Najua hilo litakuwa gumu.

Vifaa vya kufuatilia nimeulizwa sana. Vile vidogo vya Bluetooth havijui viko wapi vyenyewe. Hutegemea simu za watu wanaopita karibu, kwa hiyo mjini vinasaidia na porini vinanyamaza. Vyenye laini ya simu na GPS vinaona mbali zaidi lakini vinataka chaji na malipo ya kila mwezi. Kimoja ukikishonea ndani ya bitana, si kwenye mfuko wa sanduku ambao mwizi ataupekua kwanza, ni jambo jema. Ila kikikuonyesha mahali, nenda kwa polisi, usiende mwenyewe. Watoto wako wanakuhitaji kuliko miksa.

Lililoniumiza zaidi katika barua yako ni pale ulipokuwa unaonyesha kwa mikono mbele ya polisi. Kuna mpangilio wa kimataifa wa kueleza vitu vya sanaa uitwao Object ID, uliotolewa mwaka 1997, na siku hizi uko chini ya ICOM, baraza la kimataifa la makumbusho. Haudai utaalamu. Unataka picha, aina ya kitu, vipimo, kimetengenezwa kwa malighafi gani, maandishi au alama, nani alikitengeneza na lini kama inajulikana, na zaidi ya yote kasoro zake: ufa, kiraka, kidole kilichopungua. Kasoro ndizo zinazomtenga Bi Subira na kikaragosi mwingine yeyote duniani. INTERPOL, shirika la kimataifa la polisi, nao wana programu ya simu ya bure, ID-Art, iliyotoka mwaka 2021, inayokuwezesha kutunza kumbukumbu za vitu vyako kwa mpangilio huo huo. Na Mzee Hodi bado anaweza kuandikiwa. Wewe na shemeji yako mnajua kila pindo la mwili wake. Mkae mmoja achore, mwingine akumbuke, na zitafuteni picha kwa walimu na wazazi waliokaa viti vya mbele. Miezi saba si mingi kwa kitu cha mbao ambacho huenda kimelala kwenye banda la mtu asiyejua ni nini.

Sasa nakala. Mke wako ana hoja, na wewe una neno la mwalimu: wasikae sandukuni. Umelielewa kwamba Bi Subira mwenyewe lazima awe barabarani. Inawezekana. Lakini mwalimu wako alikuwa anazungumzia mbao ile, au alikuwa anazungumzia mwendo, sauti, na watoto wanaocheka? Mimi sikumjua, wewe ulimjua. Kule Java, kisiwa cha Indonesia, wachezeshaji wa wayang, vikaragosi vya jadi vya huko, wamekuwa wakitengeneza nakala za vikaragosi vikongwe kwa muda mrefu, na neno lao la kazi hiyo limetokana na neno "putra," maana yake mtoto. Kwao nakala ni mtoto wa yule mzee. Hapo hapo nikupe upande wa pili: mtoto huyo hatakuwa na uzito ule ule mkononi, taya litachelewa au litawahi, na kwa msimu mzima utaona unamchezesha mgeni. Wapo wanaogawa, mzee hutoka kwa maonyesho ya siku moja ambayo wanarudi nyumbani jioni, mtoto huenda safari za kulala. Wapo waliojaribu hivyo wakaona mzee anatoka mara mbili kwa mwaka, kisha hatoki. Na kabati la nyumbani nalo si salama kwa kuwa ni la nyumbani. Unyevu na wadudu hula mbao kimya kimya, na wezi huingia nyumba pia.

Kuhusu tamasha, nitakupa ninayoyajua ili uogope yale yanayostahili kuogopwa. Waulize waandaaji mambo matatu kwa maandishi: vikaragosi vitalala wapi, nani ana funguo za chumba hicho, na bima yao inaanzia na kuishia wapi. Waliozoea kupokea wachezeshaji watakujibu bila kukasirika. Ukimpeleka Bi Subira ndani ya ndege mkononi, hata kichwa chake tu, uliza vipimo vya mizigo ya mkononi mapema, na kwenye ukaguzi mfungue wewe mwenyewe. Mizigo inayokwenda chini ya ndege ina kikomo cha fidia. Kwa Mkataba wa Montreal wa 1999, unaohusu usafiri wa anga wa kimataifa, kikomo hicho tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519, kipimo cha thamani cha Shirika la Fedha la Kimataifa, ambacho ni kama dola 2,000 za Marekani kwa abiria kwa mizigo yake yote. Unaweza kutoa tamko la thamani kubwa zaidi wakati wa kukabidhi mzigo, na kulipia nyongeza. Mzigo ukifika umeharibika, lalamika kwa maandishi ndani ya siku 7. Mzigo ukichelewa, lalamika ndani ya siku 21 tangu ulipoupata. Betri za akiba za zile maikrofoni, kama ni za lithiamu, ziende nawe juu, haziruhusiwi chini.

Na forodha. Katika nchi zinazoitambua, hati iitwayo ATA Carnet hukuwezesha kuingia na vyombo vya kazi kwa muda bila kulipa ushuru. Hutolewa na chemba za biashara na hudumu hadi mwaka 1. Inataka orodha ya kila kipande, ile ile karatasi ya vipande 14, na kila kilichoingia kionekane kikitoka. Kikiibiwa huko, tafuta ripoti ya polisi kabla hujaondoka, la sivyo unaweza kudaiwa ushuru wa kitu ulichokwisha kukililia.

Kukataa mwaliko nako hakukupunguzii heshima. Unaweza kuwaandikia kwamba mwaka huu hapana, umefiwa na mmoja wa wasanii wako. Wachezeshaji wenzako watakuelewa. Wana umoja wao wa kimataifa, UNIMA, ulioanzishwa Prague mwaka 1929, na ukipata matawi yake utakuta watu waliolala sakafuni wakikumbatia masanduku kama wewe. Kufundisha mahali pamoja ni kazi njema pia. Naomba tu ujiulize kama unaichagua kazi hiyo au unakimbia ile nyingine, kwa sababu mwili wako utaijua tofauti hata kama kinywa chako hakitaitaja.

Watoto. Hapa naona ni mahali ambapo hofu imekunyang'anya kitu ambacho mwizi hakukigusa. Saa ya hatari katika kazi yako, kwa jinsi ninavyoielewa, ni ile ya kufungasha, milango iko wazi, watu wanapita, nyinyi wawili mna mikono iliyojaa. Watoto si hatari hiyo, ila wanaikuta imefunguliwa. Vipi kama kwanza kila kitu kingeingia sandukuni na mlango kufungwa, kisha mmoja wenu akatoka mbele na kikaragosi mmoja tu, aliyetengenezwa kwa ajili ya kushikwa? Huenda yule aliyeungwa shingo. Watoto wataliona kovu na watauliza, na sijui utawajibu nini, lakini nadhani siri zao wataendelea kumnong'oneza.

Ndiyo, hiyo shingo. Nimeirudia sentensi yako mara kadhaa. Uliipitia haraka sana, katikati ya mambo ya funguo. Kijana aliyekuwa anahesabiwa mizigo alimchukua kikaragosi aliyevunjika, bila kutumwa, akamuunga, akamrudisha mahali pake bila kudai shukrani. Umeniambia wewe kuchonga hujui, na unatafuta fundi. Hukuniambia kama umewahi kumuuliza shemeji yako aliiunga vipi ile shingo.

Wako,
Shangazi